Kioo cha Shaba, Sarafu ya Kilwa na Siwa ya Lamu: Mafundi wa Kale Walivyochagua Metali

Mwanafunzi anayesoma katika mojawapo ya shule za Upanga, Dar es Salaam, anazo njia mbili za kwenda kuiona shaba. Akielekea upande wa bahari atafika Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na Bustani ya Mimea, yalipo Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa kwa umma mwaka 1940. Humo mmehifadhiwa vitu vilivyochimbuliwa Kilwa na sehemu nyingine za nchi, vikiwa kimya ndani ya makabati. Akielekea upande wa pili atavuka Barabara ya Morogoro, aingie Kariakoo, apite hadi Gerezani. Huko hakuna ukimya hata kidogo. Nyundo zinalia tangu asubuhi, mafundi wanakunja bati na kuunga vyuma, na vipande vya metali iliyokwisha kutumika vinapimwa kwa kilo na kuuzwa.

Kwa mtazamo wa haraka sehemu hizi mbili hazina uhusiano. Moja ni ya kutazama bila kugusa, nyingine ni ya kugonga na kuyeyusha. Lakini maswali yanayoulizwa katika sehemu zote mbili ni yale yale. Kitu hiki kimetengenezwa kwa metali gani? Kimechanganywa na nini? Na kwa nini fundi alichagua mchanganyiko huu na si ule?

Katika makala haya tutayajibu maswali hayo kwa kutazama vitu vitatu vya kale: kioo cha kujitazamia cha Wagiriki, sarafu ya Kilwa, na siwa ya Lamu. Vyote vitatu asili yake ni shaba. Hata hivyo, kama fundi angebadilishana michanganyiko yake, kioo kisingeonyesha sura vizuri, na sarafu ingepasuka chini ya nyundo. Kutokana na hayo tutaona kanuni moja iliyo muhimu katika sayansi ya metali: hakuna metali iliyo bora kwa kila kazi, mchanganyiko hufuata kazi.

Maneno yenyewe yanatufundisha

Kabla ya kuingia katika karakana, yafaa tuyatazame maneno tunayoyatumia kila siku. Neno "shaba" limetoka katika Kiarabu, ambamo "shabah" lilikuwa jina la shaba ya manjano. Mzizi wake ni ule ule wa neno "shabihi", yaani kufanana, kwa kuwa metali hiyo ilifanana na dhahabu. Neno "sufuria" nalo linatokana na "sufr", jina jingine la Kiarabu la shaba, lenye uhusiano na neno la rangi ya manjano. Leo sufuria nyingi zinazouzwa Kariakoo ni za alumini, lakini jina limebaki kutukumbusha metali ya zamani.

Neno la tatu ni "kioo". Katika Kiswahili neno hili lina maana mbili: kile kitu kiangavu kinachotiwa dirishani, na kile tunachojitazamia. Kwa hiyo mtu akisema "kioo cha shaba" msikilizaji huenda akashangaa. Hata hivyo, kwa maelfu ya miaka watu wa nchi nyingi walijitazama katika metali iliyosuguliwa, si katika kioo cha mchanga ulioyeyushwa. Misri ya kale, Nubia, Uchina, Ugiriki na Roma zote zilikuwa na vioo vya metali. Tutaanza na vioo vya Wagiriki kwa sababu vingi vimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho, na vinaonyesha wazi kazi ya kila hatua.

Kioo cha Wagiriki kilivyotengenezwa

Kioo cha kawaida cha Ugiriki ya kale kilikuwa bamba la mviringo, mara nyingi lenye upana wa sentimita 15 hivi. Vilikuwako vya aina mbalimbali. Vingine vilikuwa na mkono wa kushikia. Vingine, hasa vya karne ya 5 K.K., vilisimama mezani juu ya sanamu ndogo ya mwanamke aliyebeba bamba hilo kichwani. Katika karne ya 4 K.K. vilipendwa vioo vya mkebe, yaani bamba lenye mfuniko wenye bawaba, na juu ya mfuniko huo fundi alifua picha za miungu na mashujaa. Mji wa Korintho ulisifika kwa kazi ya bronzi.

Metali iliyotumika ilikuwa bronzi, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na bati. Neno "bati" hapa halina maana ya karatasi za kuezekea nyumba, ambazo ni chuma kilichopakwa zinki. Maana yake ni metali yenyewe, nyeupe na laini. Shaba nyekundu huyeyuka kwenye joto la digrii 1,085 za Sentigredi, na bati huyeyuka kwenye digrii 232 tu. Zikichanganywa, mchanganyiko huyeyuka kwenye joto lililo chini ya lile la shaba peke yake. Faida hii haikuwa ndogo kwa fundi aliyetegemea makaa ya miti na mivukuto iliyosukumwa kwa mikono.

Fundi alitia metali katika chungu cha udongo kinachostahimili moto, akakifunika kwa makaa, akavukuta mpaka metali ikawa uji. Kisha aliimimina katika kalibu, akapata bamba nene la mviringo. Bamba hilo halikuwa kioo bado. Uso wake ulikuwa na vijishimo vya mapovu ya hewa na alama za udongo wa kalibu. Ndipo kazi ya nyundo ilipoanza. Kila bamba lilipofuliwa, metali ilikuwa ngumu zaidi, na kama fundi angeendelea bila kusita lingepasuka. Kwa sababu hiyo alilirudisha motoni mpaka likawa jekundu, likalainika, akalifua tena. Jambo hili mwanafunzi anaweza kulithibitisha kwa waya wa shaba. Ukunje na kuukunjua mara nyingi, nao utakuwa mgumu na mwishowe utakatika. Ukiupasha moto kabla haujakatika utalainika upya. Chembe ndogo za fuwele zilizomo ndani ya metali, ambazo nyundo imezivuruga, hujipanga upya kwa joto.

Hatua ya mwisho ndiyo iliyokifanya kitu hicho kiwe kioo: kusugua. Fundi alianza na unga mbaya wa mawe, akafuata na ulio laini zaidi, kisha akamaliza kwa kitambaa au ngozi. Katika nchi yetu maseremala wa zamani walifanya kazi ya namna hiyo juu ya mbao kwa majani makavu ya mti uitwao msasa. Majani hayo yana ukwaruzo mkali. Karatasi ya dukani ilipofika, jina la mti likahamia kwenye karatasi.

Kwa nini usugue sana hivyo?

Hapa fizikia inatupa jibu. Mwali wa nuru unapoangukia uso laini, hutoka kwa pembe ile ile ulioingilia. Miali yote inayotoka kwenye ncha ya pua yako hurudi kwa mpangilio, na jicho huiona pua. Lakini uso ukiwa na mikwaruzo, kila mkwaruzo ni kama kilima kidogo chenye mteremko wake. Miali hutawanyika huku na huku, na jicho huona weupe au wekundu tu bila sura. Karatasi nyeupe hurudisha nuru nyingi sana, lakini hakuna anayeweza kujitazama katika karatasi.

Je, uso uwe laini kiasi gani? Urefu wa wimbi la nuru tunayoiona ni kati ya sehemu 4 na 7 za sehemu elfu kumi za milimita moja. Ili uso uwe kioo kizuri, vilima na mabonde yake hayana budi kuwa madogo sana kuliko urefu huo. Fundi wa Korintho hakujua lolote juu ya mawimbi ya nuru. Hata hivyo, kwa mikono yake na kwa subira yake, alifikia kipimo ambacho hakuwa na chombo cha kukipima. Kipimo chake kilikuwa sura yake mwenyewe: ilipoonekana bila ukungu, kazi ilikuwa imekwisha.

Kwa nini bati?

Shaba nyekundu nayo inaweza kusuguliwa ikang'aa. Lakini shaba hunyonya sehemu kubwa ya nuru ya buluu na kuirudisha vizuri ile nyekundu. Mtu anayejitazama ndani yake huonekana kama amekaa mbele ya moto wa jioni. Bati linapoongezwa, rangi ya mchanganyiko hutoka kwenye wekundu, hupita kwenye manjano, na mwisho hukaribia weupe wa fedha. Vilevile metali huwa ngumu zaidi, na metali ngumu hushika mng'aro na haikwaruzwi upesi.

Basi kwa nini fundi asitie bati jingi sana? Kwa sababu kila faida ina gharama yake. Bronzi yenye bati sehemu moja katika kumi inakubali kufuliwa. Yenye bati karibu na robo ni nyeupe na nzuri kwa kioo, lakini ni tete. Ikianguka sakafuni huvunjika kama sahani ya kaure. Wagiriki, ambao walipenda kulifua bamba, mara nyingi walikaa karibu na sehemu ya kumi. Wachina waliomimina vioo vyao moja kwa moja katika kalibu, pamoja na mapambo ya mgongoni, waliweza kutia bati hadi karibu na robo, kwa kuwa hawakuhitaji kuvifua. Warumi pia walitengeneza vioo vyenye bati jingi. Mwandishi wao Plinio, aliyefariki mwaka 79, ameandika kwamba vioo bora vya zamani vilitoka mji wa Brundisium na vilikuwa vya shaba na bati.

Siri nyingine imo katika umbo. Kioo bapa hakina budi kuwa na urefu wa nusu ya uso wako ili kikuonyeshe uso mzima. Uso wenye urefu wa sentimita 24 unahitaji kioo cha sentimita 12. Lakini kioo kikibinuka kidogo kuelekea nje, kama mgongo wa kijiko, sura huwa ndogo na uso mzima huingia katika bamba dogo. Mtaalamu wa Uchina aitwaye Shen Kuo, aliyeishi mwaka 1031 hadi 1095, alieleza jambo hilo waziwazi: mafundi wa kale walikifanya kioo kikubwa kuwa bapa, na kidogo wakakibinua. Dereva wa basi leo anatumia kanuni hiyo hiyo katika kioo chake cha pembeni.

Wala bronzi nyeupe haikufa pamoja na Warumi. Isaac Newton aliitumia katika darubini aliyoiunda mwaka 1668. Mwaka 1845 William Parsons, aliyejulikana kama Lord Rosse, alikamilisha huko Ireland darubini yenye kioo cha metali kilichokuwa na upana wa mita 1.8. Kioo hicho kilikuwa cha shaba na bati, kilikuwa na uzito wa tani 3 hivi, na kilimwonyesha kwamba baadhi ya mawingu ya nyota yana umbo la mzunguko kama maji yanayoingia shimoni. Lakini bronzi nyeupe, hata ikisuguliwa vyema, hurudisha kama theluthi mbili tu ya nuru. Mwaka 1835 Justus von Liebig wa Ujerumani alikuwa amebuni njia ya kupaka fedha nyembamba juu ya kioo cha mchanga. Njia hiyo ndiyo iliyovistaafisha hatimaye vioo vya metali.

Kilwa: metali ya kupigwa muhuri

Sasa turudi pwani yetu. Kilwa Kisiwani, mji uliotajirika kwa biashara ya dhahabu na pembe za ndovu, ulikuwa na sarafu zake wenyewe. Ibn Battuta aliuzuru mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan ibn Sulaiman. Neville Chittick aliyeuchimba mji huo katika miaka ya 1950 na 1960 alichapisha matokeo ya kazi yake mwaka 1974. Miongoni mwa vitu vinavyopatikana kwa wingi katika magofu hayo ni sarafu ndogo za shaba. Nyingi kati ya hizo zina jina la Ali ibn al-Hasan. Upande mmoja una jina la mtawala, upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili hukamilishana kwa vina. Ni jambo la kupendeza kwamba watu wa pwani, ambao ushairi wao umeshikamana na vina, walikuwa na kina hata katika fedha ya sokoni.

Fundi wa sarafu alikuwa na tatizo lililo kinyume cha lile la fundi wa kioo. Yeye hakutaka uso usio na alama. Alitaka uso unaopokea alama. Kipande cha shaba kiliwekwa kati ya mihuri miwili migumu iliyochongwa maandishi kinyumenyume, kisha kikapigwa nyundo. Metali ilipaswa kuwa laini kiasi cha kutiririka ndani ya kila herufi kwa pigo hilo, na papo hapo iwe imara kiasi cha kupita katika mikono ya watu wengi bila kufutika. Kama angetumia bronzi nyeupe ya kioo, pigo la kwanza lingekigawa kipande hicho mara mbili. Shaba isiyo na bati jingi ndiyo iliyofaa.

Metali nyingine zilikuwa na kazi nyingine. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, palifukuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, pamoja na chache za dhahabu, iliyofukiwa ardhini katika karne ya 11. Sarafu hizo ni ndogo sana, na kwenye baadhi yake yamo majina ya watawala wa pwani. Hivyo pwani ilikuwa na fedha kwa malipo makubwa na shaba kwa malipo madogo, na kila metali ilikuwa na daraja yake.

Lamu: metali ya kumiminwa

Kitu chetu cha tatu ni siwa, baragumu kubwa iliyopulizwa katika sherehe za watawala na koo kubwa za pwani. Vasco da Gama na watu wake walipofika Malindi mwaka 1498 waliona baragumu mbili za pembe za ndovu zenye urefu wa mtu, zikipulizwa kupitia tundu la ubavuni. Siwa mbili mashuhuri zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Lamu nchini Kenya. Ya Pate ni ya pembe za ndovu. Ya Lamu ni ya shaba, imepambwa kwa nakshi na maandishi ya Kiarabu.

Siwa haiwezi kufuliwa kama bamba, wala kupigwa muhuri kama sarafu. Umbo lake limepinda, ndani ni tupu, na nje limejaa nakshi. Fundi wake alitumia njia ya nta. Kwanza alifinyanga kiini cha udongo chenye umbo la utupu wa ndani. Juu yake alipaka nta ya nyuki kwa unene ule aliotaka metali iwe nao, na katika nta hiyo akachonga nakshi na herufi zote. Akaongeza vijiti vya nta vya kuwa njia ya kumiminia na njia za kutolea hewa. Baadaye alifunika kila kitu kwa udongo laini, tabaka juu ya tabaka, akaacha ukauke. Alipoupasha moto, nta iliyeyuka na kutoka, ikaacha nafasi tupu yenye umbo lake. Katika nafasi hiyo alimimina shaba iliyoyeyuka. Ilipopoa alivunja udongo, na siwa ikatoka.

Njia hii ina hesabu nzuri kwa wanafunzi. Sentimita moja ya ujazo ya nta ina uzito wa gramu 0.96 hivi, na ya shaba iliyochanganywa ina gramu 8.7 hivi. Kwa hiyo kila gramu 100 za nta zitahitaji kama gramu 900 za metali, ukiacha ile itakayobaki katika njia za kumiminia. Fundi aliyepima nta yake kabla ya kuanza alijua ni metali kiasi gani aitie chunguni, naye hakuona aibu ya kuishiwa katikati ya kazi.

Si siwa peke yake. Katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, palipatikana simba mdogo wa bronzi wa kama mwaka 1100, mwenye sura inayofanana na kazi za Kihindi. Habari zake zilichapishwa mwaka 1988. Simba huyo anatukumbusha kwamba ufundi wa metali ulisafiri pamoja na majahazi, na kwamba si rahisi kuuwekea ufundi mpaka wa nchi moja.

Shaba ya manjano na hatari yake

Msomaji atauliza: siwa ni bronzi au shaba ya manjano? Vitabu vingine huiita hivi na vingine vile, na hilo lenyewe ni somo. Bronzi ni shaba na bati; shaba ya manjano ni shaba na zinki. Macho peke yake yaweza kukosea. Siku hizi wataalamu hupima kwa miale ya eksirei, ambayo husababisha kila elementi itoe miale yake maalumu, na hivyo mchanganyiko hujulikana bila kitu kukwaruzwa.

Shaba ya manjano ilikuwa kitendawili kwa mafundi wa kale. Zinki huchemka kwenye digrii 907, kabla shaba haijayeyuka. Ukiitia katika shaba iliyoyeyuka, sehemu yake kubwa hupaa kama moshi mweupe. Kwa muda mrefu mafundi walifunga shaba, mkaa na mawe yenye zinki katika chungu kimoja, wakapasha moto mpaka mvuke wa zinki ukaingia ndani ya shaba. Wahindi wa Zawar, huko Rajasthan, walipata njia bora zaidi: waliukamata mvuke huo, wakaupoza, wakapata zinki yenyewe.

Mwalimu aliangalie jambo hili kwa makini. Moshi huo mweupe ukivutwa huleta homa, kutetemeka na maumivu ya mwili baada ya saa chache. Kwa hiyo kuyeyusha shaba ya manjano si jaribio la darasani.

Jaribio: tengeneza kioo chako

Lifuatalo ni jaribio lisilohitaji moto. Vifaa: kipande bapa cha shaba ya manjano chenye upana wa sentimita 5 hivi, kutoka kwa wauza vyuma, tupa, msasa wa daraja nne kuanzia mbaya hadi laini sana, dawa ya meno, kitambaa cha pamba na maji.

1. Sawazisha uso kwa tupa mpaka mashimo yaishe.
2. Sugua kwa msasa mbaya, ukienda upande mmoja tu. Chukua msasa unaofuata, usugue kwa kukingama na mikwaruzo ya kwanza. Usiendelee mpaka mikwaruzo ya awali itoweke yote. Rudia hivyo kwa kila daraja.
3. Maliza kwa kitambaa chenye dawa ya meno, kisha suuza na ukaushe.
4. Kila baada ya hatua, simamisha kipande hicho juu ya karatasi yenye maandishi. Andika ni umbali gani kutoka karatasini herufi zinaweza kusomeka katika taswira yake.

Wanafunzi watagundua kwamba herufi zilizo karibu sana na metali huonekana mapema, na zilizo mbali huonekana mwisho kabisa. Wajadiliane kwa nini. Kisha walinganishe rangi ya karatasi nyeupe katika shaba nyekundu, katika shaba ya manjano na katika kioo cha kawaida.

Kung'arisha kunakojenga na kunakobomoa

Baada ya jaribio hilo mwanafunzi atakuwa na hamu ya kung'arisha kila kitu cha shaba atakachokiona. Hapo ndipo tunapomwomba asimame.

Tuseme kijana wa pwani ameokota sarafu ndogo ya kijani ufukoni, au ameikuta katika sanduku la bibi yake. Ukijani ule ni tabaka lililotokana na shaba, hewa, unyevu na chumvi. Mara nyingi herufi za sarafu hazimo tena katika metali iliyo chini; zimo katika tabaka hilo lenyewe. Akiisugua kwa limau, ukwaju au majivu, kama mama anavyosugua sinia la shaba, ukijani utatoka na jina la sultani litatoka nalo. Atabaki na kipande chekundu kinachong'aa, kisichosema kitu. Tendo lile lile lililolipa bamba la Mgiriki uwezo wa kuonyesha sura limeinyang'anya sarafu sura yake.

Hatari ya pili ni mizani ya vyuma chakavu. Kuyeyusha metali iliyochakaa ni kazi halali na yenye manufaa. Sufuria iliyotoboka inaweza kuwa sufuria mpya. Lakini mizani hupima uzito tu, haipimi umri wala ufundi. Kitu kilichomiminwa kwa njia ya nta hakina kalibu iliyobaki, kwa kuwa kalibu ilivunjwa siku ile ile kilipozaliwa. Kikiyeyushwa, hakuna mahali pa kukirudia.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba vitu vya kale au kuvitoa nje ya nchi bila kibali. Lakini sheria haiwezi kukaa katika kila ufuko na kila sanduku. Mwenye kuokota kitu cha namna hiyo asikioshe wala asikikwaruze. Akifunge katika karatasi kavu, aandike mahali na siku alipokipata, kisha akipeleke kwa mwalimu wake, kwa ofisi ya serikali iliyo karibu au Makumbusho. Mahali kilipopatikana pana thamani sawa na kitu chenyewe, maana sarafu isiyojulikana ilikotoka ni kama barua iliyokatwa jina la mwandishi.

Ndugu mwalimu, twakushauri uwapeleke wanafunzi wako katika njia zote mbili tulizozitaja mwanzoni. Gerezani wamwulize fundi anavyopambanua shaba na bati kwa mlio na kwa rangi, nao wayaandike majibu yake kama wanavyoandika maelezo ya maabara. Kisha wavuke mji waende Makumbusho, wasimame mbele ya vitu vya Kilwa na waulize maswali yale yale. Watakapotoka, sarafu ya kijani ndani ya kabati haitakuwa tena kitu kilichochakaa kwao. Wataona kwamba iliwahi kuwa nyekundu, ikapashwa moto, ikalazwa juu ya muhuri na kupigwa nyundo moja, na kwamba aliyeishika nyundo hiyo alijua kwa nini hakutia bati.